Mume Wangu na Ile Picha ya Kutisha ya Bungoma

Mwanamke mmoja alimwaga soda yote kwenye mapaja ya mtu asiyemjua.

Kijana fulani akaruka viti akitafuta mlango. Nyuma kabisa mama mmoja alikuwa amesimama anakemea, "Shindwa! Toka! Shindwa!" utadhani yule muuaji wa kwenye picha angemsikia akimbie.

Mimi nilipiga miayo.

Sijisifu. Sikuwa jasiri. Siku zile hata ungenimwagia uji wa moto mguuni, ningekuangalia tu nikuulize kama umebaki mwingine.

Tena sikuwa nimeenda sinema kuangalia picha. Nilikuwa nimeenda kumshika mume wangu na mwanamke wake.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na tano. Tulikuwa tunaishi Matisi, pale Kitale. Mume wangu, Wepukhulu, alikuwa fundi wa matrekta. Mimi nilikuwa nashona mapazia nyumbani. Mungu alitupa mtoto mmoja tu, msichana, Nelima. Alikuwa darasa la tano. Mdomo mrefu, anabishana na kila mtu, mpaka na redio.

Mwezi wa pili akashikwa na malaria. Ikapanda kichwani. Mwanzo wa wiki alikuwa anaruka kamba na wenzake, mwisho wa wiki tukawa tunamtafutia jeneza.

Tulimzika Malakisi, kwa kina Wepukhulu, nyuma ya banda la kukaushia tumbaku.

Sikulia.

Hapa naomba unielewe vizuri. Kwetu mtu akifa analiliwa. Mama wa mtoto anaanza nduru akiwa bado njiani, watu wa ng'ambo ya mto wajue kuna jambo. Mimi nilishuka kwenye gari kimya, nikaingia nyumbani kimya, nikaketi kando ya mtoto wangu na leso mkononi. Nikaikunja. Nikaikunjua. Nikaikunja tena.

Nilisikia wanawake wakinong'ona.

"Huyu ni mama wa aina gani?"

"Wachana naye. Labda amedungwa sindano ya kutuliza."

Wepukhulu naye hakulia. Alisimama mikono mfukoni kama mtu anayengoja spea ifike kutoka Eldoret. Kaburi lilipofukiwa alichukua jembe akasawazisha udongo, akausawazisha vizuri kabisa, bila haraka.

Tuliporudi Matisi akafungua kitanda cha Nelima vipande vipande, akakibeba, akakipeana. Hakuniuliza. Tangu siku hiyo hakutaja jina la mtoto. Mimi pia sikulitaja.

Majirani wenyewe hawakujua sasa waniite nani. Nyaruai, wa mlango wa pili, alikuwa amezoea kuniita Mama Nelima. Akikutana nami kwa mfereji anakwama katikati.

"Sasa, Mama... eeh... maji imekuja?"

"Imekuja," namjibu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Chai. Kazi. Ugali. Kulala. Sindano ya cherehani ikinidunga, naiangalia damu ikitoka, nafuta, naendelea na pazia la wenyewe.

Kisha Wepukhulu akaanza kupotea Jumamosi.

"Naenda Malakisi kuona mama," alisema.

Sikumuuliza kitu. Anatoka asubuhi, anarudi jioni, macho mekundu, sauti imekauka kama ya mtu aliyetoka kwenye mkutano wa injili. Halafu, na hili ndilo lililonikaa kooni, anarudi na njaa. Anakula sahani inaisha. Anaanguka kitandani anakoroma.

Nilimwangalia akilala, nikajiambia, mwanaume anayezika mtoto wa pekee halafu analala hivi, huyo ana mahali anapofarijiwa.

Siku moja mama mkwe akapiga simu ya Nyaruai, maana mimi sikuwa na yangu.

"Nasimiyu, mwanangu, mko wazima huko? Wepukhulu amenisahau kabisa. Tangu matanga sijaona hata kivuli yake."



"Ako na kazi mingi, mama," nikasema.

Niliporudisha simu, Nyaruai hakuipokea mara moja. Alinitazama.

"Mimi sipendi kuingilia ya watu," akasema. "Lakini ndugu yangu Wahome anafanya kazi Bungoma. Ati anaona bwana yako huko kila Jumamosi. Kwa sinema."

"Sinema?"

"Si ndio nashangaa. Mwanaume mzima anaenda sinema peke yake, kweli?"

Mwanamke mwenye damu ndani yake angevunja sufuria. Mimi nilirudi nikamaliza kushona. Lakini niliamua jambo moja. Nitamwona huyo mwanamke kwa macho yangu, halafu nitaenda kwa dada yangu Kiminini, na Matisi wasinione tena. Nguo zangu nilizitia kwenye mfuko siku hiyohiyo.

Jumamosi ikafika. Wepukhulu akatoka. Nikampa nafasi, nikafuata.

Sinema yenyewe ilikuwa jengo la zamani karibu na soko. Mwenyewe alikuwa Om Prakash, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapohapo Bungoma. Alikuwa anakaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki, anakata tikiti kwa mkono wake.

"Mulembe, mama," akaniamkua kwa Kibukusu safi kuliko changu. "Moyo uko sawa? Hii picha imetoa watu mbio."

"Moyo uko tu," nikamjibu.

Ndani giza. Nilisimama mpaka macho yakazoea, nikamwona Wepukhulu katikati ya ukumbi. Upande wake wa kushoto kiti kilikuwa wazi. Wa kulia alikaa msichana aliyejifunga kitambaa cha manjano.

Ndiye huyo.

Nilikaa safu mbili nyuma yao. Nikatazama kile kitambaa, nikingoja wivu uje. Haukuja.

Picha ilikuwa inahusu mwanamke anayeishi peke yake kwenye nyumba kubwa. Kila akitoka, akirudi anakuta kitu kimesogezwa. Leo kikombe, kesho kiti. Kumbe kuna mtu anaishi kwenye dari. Sisi tunamwona, yeye hamwoni.

Watu wa Bungoma walikuwa wameivaa hiyo shida kama yao.

"Dada, angalia juu! Juu, si hapo!"

"Huyu mama hana akili. Ati unasikia mutu kwa dari halafu unaenda kuoga?"

"Si ahame tu, bana!"

"Hii ni uongo," mzee mmoja mwenye koti akasema kwa sauti ya kikao. "Dari haiwezi beba mutu mukubwa hivyo."

Vijana wa nyuma walikuwa wanacheka kila kitu. Wengine wamefunika uso, wanachungulia katikati ya vidole. Mimi nilikuwa nautazama mgongo wa mume wangu.

Muziki ukakatika.

Mwanamke wa kwenye picha akaweka ngazi. Akaanza kupanda, polepole, tochi mkononi. Hata wale vijana wakanyamaza. Ukumbi mzima uliacha kupumua.

Isipokuwa Wepukhulu. Niliona mabega yake yakipanda. Alikuwa anavuta pumzi, anajaza kifua kama mtu anayetaka kuinua injini peke yake.

Yule mwanamke wa kwenye picha akasukuma mlango wa dari.

Uso ukatokea.

Hapo ndipo soda ilimwagika, kijana akaruka viti, mama akakemea mapepo. Nami nikapiga miayo yangu.

Na ndani ya nduru ile nikasikia sauti ninayoijua.

"Nelimaaa!"

Miayo ilinikatikia mdomoni.

Nilidhani ni masikio yangu. Watu walikuwa wameanza kuchekana kwa aibu, wanarudi kwenye viti. Yule msichana wa kitambaa cha manjano alikuwa amemkumbatia kijana wa upande wake mwingine.

"Kipketer, twende nyumbani! Mimi siwezi hii!"

Hakuwa hata anamjua mume wangu.

Wepukhulu alikuwa anapangusa uso kwa mkono wa shati.

Nikaacha kabisa kutazama picha. Nikatazama mabega yake. Yalikaa chini, yakakaa, kisha yakapanda. Kwenye picha hakukuwa na kitu bado, mwanamke alikuwa anafunga dirisha tu. Lakini yeye alijua. Alikuwa ameiona picha ile Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka akajua ni wapi watu watapiga nduru.

Wakapiga.

"Nelima! Nelima wangu!"

Hakuna aliyegeuka. Kila mtu alikuwa na nduru yake.

Niliinuka. Nikapita katikati ya magoti ya watu, nikaenda nikakaa kwenye kile kiti cha kushoto kwake.

Alinigeukia. Akafunga mdomo.

 Mwanamke wa picha alikuwa anakimbia ngazini. Nilijua nduru ya tatu iko karibu, kwa sababu mkono wa Wepukhulu ulishika chuma cha kiti mpaka mishipa ikasimama.

Ukumbi ukalia wote. Yeye hakulia. Mimi sikulia. Tulikaa katikati ya kelele ile kama magunia mawili ya mahindi.

Nje watu walisimama juani wakibishana.

"Hiyo ni picha kali! Sijawahi ona kama hiyo!"

"Kali wapi? Mpaka mwisho hajashikwa! Huo ni wizi, bana."

"Mimi nimeangalia viatu yangu tu. Lakini ni tamu. Wiki ijayo narudi."

Tuliingia hoteli ndogo ng'ambo ya barabara. Chai ikaletwa. Ikaanza kupoa.

"Nilidhani uko na mwanamke," nikasema.

"Sina."

"Nimeona."

Akazungusha kikombe.

"Siku ya kwanza nilikuwa naenda Malakisi kweli," akasema. "Nikafika hapa, miguu ikakataa. Singeweza kuona ile kaburi. Mvua ikanyesha, nikaingia hapo kujikinga tu. Ule uso ukatokea, watu wakapiga nduru, na mimi nikapiga. Ikatoka na jina yake. Nikaangalia huku na huku. Hakuna mtu alishtuka. Hakuna mtu aliniambia nyamaza, wewe ni mwanaume."

"Na nyumbani? Kwa nini hukulia nyumbani?"

"Ulikuwa umenyamaza sana, Nasimiyu. Nilikuona kama ukuta. Nikasema nikigusa hii ukuta, itatuangukia wote."

"Ulitoa kitanda yake."

"Nilikuwa naamka naona kama amelala hapo."

"Nilidhani umemsahau."

Aliniangalia. Afadhali ningempiga kofi mbele ya watu.

Sikuenda Kiminini.

Jumamosi iliyofuata tulitoka pamoja. Hatukupanga. Alivaa shati, na mimi nikavaa viatu, basi. Tulipofika Bungoma, pale ukutani palikuwa na tangazo jipya, mtu amefungua mdomo anacheka mpaka magego yanaonekana.

"Nimeitoa," Om Prakash akasema. "Mama mmoja alizimia. Watu wa kanisa wanasema naleta mapepo hapa town. Wengine wanasema nirudishe, sasa sijui nisikie nani. Leo ni ya kuchekesha. Ingieni, mtafurahi."

Wepukhulu alisimama kama mgonjwa aliyekuta zahanati imefungwa.

"Sasa nitaenda wapi?" akauliza, polepole, kama anajiuliza mwenyewe.

"Malakisi," nikasema.

Mama mkwe alikuwa anaanika maharagwe uani. Alituona, akasimama. Tulimpita tukaenda nyuma ya banda.

Nyasi zilikuwa zimeota.

Jua kali. Kuku mmoja alikuwa anachakura pale kando. Kimya mpaka unasikia majani ya tumbaku yakigusana.

Wepukhulu akavuta pumzi. Mabega yakapanda. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Hapakuwa na kelele ya watu ya kujifichia. Akanigeukia.

Sikufikiria chochote, nakuapia. Niliona tu kwamba zile nyasi zimerefuka kiasi cha kukatiwa mbuzi. Juu ya mtoto wangu, nyasi za mbuzi.

"Nelimaaaaa!"

Mwanzo nilidhani ni mtu mwingine. Sauti ilitokea kwenye nyayo. Nikajikuta chini, na ikatoka ya pili, na ya tatu, na Wepukhulu akawa chini pamoja nami, na yake ikatoka.

Majirani wakaja mbio kutoka mashambani. Wanawake na majembe, mmoja na mtoto mgongoni.

"Ni nani? Ni nani amekufa?"

Mama mkwe alikuwa amefika nyuma yetu. Alituangalia pale mavumbini, kisha akaweka mikono kichwani.

"Ni Nelima," akasema. "Nelima amekufa."

Wote walijua. Walikuwepo kwenye mazishi, walikaa matanga. Lakini hakuna aliyesema hiyo ni habari ya zamani. Mwanamke wa kwanza alitupa jembe, akaweka mikono kichwani, akapiga nduru. Wa pili akamfuata. Wakaja wengine kutoka ng'ambo. Jioni ilikuta uwanja umejaa watu, mmoja ameleta unga, mwingine kuni, na mimi nimelala kwenye mapaja ya mama mkwe, nimevimba uso, nahisi koo linauma.

Linauma kweli. Nilikuwa nimesahau kuuma kukoje.

Kwa karatasi tulimzika mwezi wa pili. Mimi huhesabu siku hiyo ya nduru.

Wewe unayesoma hii, ukimwona mtu amekaa kimya kwenye msiba wake, usiseme ni jiwe. Na kama mnalala kitanda kimoja na huyo mtu, mguse. Usingoje mpaka aende kulilia gizani, katikati ya watu wasiomjua.