Wembe Mpya wa Fundi Tamimu

Pijo kuukuu ya Mzee Nyangwine ndiyo gari pekee lililobaki katika gereji ya fundi Tamimu, mjini Tarime. Akishindwa nayo, atafunga gereji.

Alifunga kwenye injini valvu na roka mpya, vyuma vya kusukuma valvu hizo, kutoka Isebania, akapima nafasi kati yake kwa unene wa wembe, kama alivyozoea. Wembe wa zamani ulikuwa umeshika kutu, hivyo safari hii alitumia mwingine ambao mkewe Kuruthumu alimnunulia Sirari.

Wiki haikuisha, ng'ombe wawili wakairudisha Pijo wakiivuta kutoka Nyanungu.

“Gari lako sasa lina miguu minane, fundi,” mzee alisema.

Tamimu akafungua injini. Valvu zilikuwa zimeungua kwa kukosa nafasi. Akazipapasa zile nyembe mbili.

“Huu mpya ni mwembamba kuliko ule wa zamani, Mama Ikram,” akamwambia mkewe.

Kuruthumu aliinama. Akaanza kukusanya spana za gereji.