Ng'ombe wa Chacha na Bima Yangu ya Mapango

Mwanangu, kuna siku moja ambayo hadi leo nikifumba macho naiona. Nilikuwa nimelala chali ndani ya mlima wa nchi ya watu, mguu umevunjika, nikisikia maji yakidondoka mahali nisipopaona. Kaa nikusimulie, maana nimesikia nawe umealikwa kwenda kuingia mapango huko ng'ambo, na begi lako tayari limejaa kamba na taa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilishachimba dhahabu Nyamongo kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo, nikajiona mtu aliyezoeana na giza la chini ya ardhi. Baadaye nikapata kibarua kwenye kambi ya watalii pale Natta. Hapo alifikia mama mmoja wa Kizungu, mtafiti wa popo. Tulimwita Mama Popo, na jina hilo alilipenda kuliko lake. Siku moja akaniambia anakwenda Kenya kwenye mapango ya mlima uliowahi kutoa moto zamani, na anataka mtu wa kumbebea vyombo asiyeogopa giza.

Pesa ya bima akanipa mkononi. "Kila mtu anakata yake," akasema. "Mwita, soma fomu yote. Usiruke kitu."

Kwenye fomu kulikuwa na swali: je, msafiri ataingia mapangoni? Ukijibu ndiyo, unalipa zaidi. Ukijibu hapana, unalipa ile ndogo ya msafiri wa kawaida. Mwanangu, niliweka alama kwenye hapana. Pesa iliyobaki nikanunulia koti la ngozi la mtumba pale Sirari, ili nikipigwa picha nionekane. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini mimi nilikuwa na koti. Wahenga wa nini?

Pango lile lilikuwa zuri, siwezi kukudanganya. Kuta zilikuwa laini kama chungu kilichopakwa mafuta, na popo walining'inia juu wakinong'onezana kama wanawake kanisani kabla ya ibada. Nilisimama kwenye jiwe lenye unyevu, nikamnyooshea Mama Popo taa ili aone vizuri, na mara chini ya mguu wangu hapakuwa na kitu.

Maumivu hayakuja mara moja. Kwanza ulikuja ukimya. Kisha, sijui ni muda gani ulipita, nikaanza kuiona nyumba ya bibi yangu kule Busawe, moshi ukipenya kwenye nyasi za paa, ugali wa mtama ukinukia. Ng'ombe walikuwa wanarudi malishoni, wengi, hawana mwisho, na bibi akaniambia nitoe miguu mlangoni wapite. Nikajaribu kuitoa. Mmoja ulikubali, mwingine ukakataa. Hapo nikapiga kelele, na ile nyumba ikaondoka.

Mama Popo alitoka mbio kutafuta watu. Wakaja vijana wa kijiji cha jirani na kamba, wakashindwa. Wakaitwa waokoaji kutoka mjini. Waliponifikia, koti langu la ngozi likakatwa kwa mkasi wapate kunifunga kwenye machela. Walinivuta polepole, jiwe kwa jiwe, nami nikisinzia na kuzinduka. Jua la alasiri liliponipiga usoni, nililia.

Helikopta waliyoiita waokoaji ilikuwa imetua kwenye nyasi. Mama Popo akapiga simu ya bima, akaiweka sauti kubwa. Dada aliyepokea alikuwa na sauti ya upole. "Pole sana kaka," akasema. "Lakini hapa inaonyesha ulisema hutaingia mapangoni."

Rubani akauliza nani atalipa. Hakuwa mtu mbaya; mafuta yananunuliwa. Mama Popo alitoa alichokuwa nacho, kikatosha kuwalipa waokoaji tu. Ndipo akapiga nyumbani kwetu, na simu akaipokea kaka yangu Chacha.

"Anapumua?" Chacha akauliza.

"Anapumua."

"Basi mwambie rubani aruke. Nitalipa."

Hakuuliza ni kiasi gani. Sasa elewa, mwanangu. Dada yetu Bhoke alikuwa ameolewa, na kwetu ng'ombe wa mahari ya dada ndio kaka huwatoa aolee mke. Wale ng'ombe walikuwa zizini wakimsubiri Gati, binti aliyependana na Chacha tangu shule. Waliuzwa mnadani wiki ile ile.

Chacha alivuka mpaka kuja hospitalini, akaketi kitandani kwangu, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia, "Kaka, nisamehe kwa ajili ya ng'ombe."

"Ng'ombe watazaa," akasema. "Wewe mama hawezi kukuzaa tena."

Baba yake Gati alisubiri mavuno mamoja, kisha akamwoza kwa mtu mwenye ng'ombe. Arusi ilipita njia yetu. Chacha alikuwa analima, akasimama na jembe lake mpaka nyimbo zikapotelea nyuma ya kilima, kisha akainama akaendelea. Alikuja kuoa miaka mingi baadaye, akapata watoto wazuri. Neno moja la lawama hajawahi kuniambia, na hilo ndilo hasa linaloniuma.

Siku ile ya arusi, baba, tata kama tunavyosema kwetu, aliniita. "Mwita," akasema, "ulipoweka ile alama ulidhani unaidanganya kampuni. Uliandika hapana, lakini chini yake ulitia sahihi ya kaka yako." Nilikuwa bado natembea na magongo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi lilivunjika kweli.

Kwa hiyo nisikilize. Sikukatazi kwenda, dunia ina vyumba vingi, ingia uvione. Lakini bima uikate kwa ukweli. Useme ni mapango, hata kama bei itapanda. Uulize kama inalipa kukutoa shimoni na kukurusha hospitali, maana kutibiwa ni kitu kimoja na kuokolewa ni kingine, na wengi huandikiwa kimoja wakadhani ni vyote. Uisome mpaka mstari wa mwisho, hata ule wa herufi ndogo. Namba ya simu ya kampuni ya bima awe nayo mwenzako wa safari, na nakala uiache hapa nyumbani. Usipolipa wewe mapema, atalipa anayekupenda, tena bila kuuliza bei.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie gizani na akungoje mlangoni. Jiwe unalokanyaga likushike. Na simu yako itakapolia hapa nyumbani, iwe ni wewe mwenyewe unauliza leo tumepika nini.