Nyimbo Kumi na Tisa za Baba

Kompyuta ya nyumbani kwetu Bariadi ilikuwa nzito kuwaka. Unaibonyeza, unaenda kuteka maji, ukirudi bado kile kiduara kinazunguka. Mama aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, na hakuna aliyeijali isipokuwa baba.

Baba alikuwa kiongozi wa nyimbo za kulimia. Kule Sapiwi, kikundi kikiingia kwenye shamba la pamba, yeye alianza kuimba na majembe yakafuata sauti yake. Kisha kiharusi kikamchukua mkono wa kulia na maneno yote. Ikabaki "ee" peke yake. Bahati nzuri kaka yangu alikuwa ameshamrekodi kwa simu, nyimbo kumi na tisa, akazihamishia kwenye kompyuta. Simu yenyewe iliibiwa baadaye. Kila asubuhi, baada ya uji, baba aliketi mbele ya kioo cha kompyuta nikamfungulia nyimbo. Alisikiliza amefumba macho, mguu mmoja ukikanyaga sakafu.

Siku moja kompyuta iligoma kabisa mpaka saa nne. Baba akanyanyuka, akarudi kitandani bila kusikia wimbo hata mmoja. Niliumia. Nikaenda kwa fundi wa duka la kuchapa, karibu na stendi.

"Mdogo wangu, mashine siyo mbovu," alisema. "Imezeeka tu, na mnaibebesha mzigo wa vijana. Weka Linux. Ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, wa bure, kila mtu anaruhusiwa kuutumia na kuugawa. Ila ukiuweka, kila kitu kilichomo kitafutika. Toa vitu vyenu kwanza. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Umeelewa, au unanionea aibu?"

Wateja wakacheka. Nikatazama chini. Kweli nilikuwa namwonea aibu. Sikujua vitu vinatolewaje, na sikutaka kuuliza mbele za watu.

Akanipa flashi yenye mfumo mpya, akanionyesha pa kubonyeza. Nyumbani nikachukua flashi nyingine ya kuhifadhia nyimbo. Zilikuwa palepale kwenye kioo, kila moja na jina lake na kimshale kidogo pembeni, kaka alivyozipanga ili zisitusumbue kuzitafuta. Nikazihesabu. Kumi na tisa. Nikazihamisha zote. Tena sikuridhika, nikabofya moja humohumo ndani ya flashi, na baba akaimba. Nikasema moyoni, basi, zimo.

Nikaweka mfumo mpya. Ulipouliza kama nifute diski yote, nikakubali.

Kompyuta iliwaka upesi mpaka nikatabasamu peke yangu. Nikachomeka flashi. Majina yote yalikuwepo. Nikabofya la kwanza, likakataa. La pili, likakataa.

Nikaibeba kompyuta kwa bodaboda, nimeikumbatia kama mgonjwa. Fundi alichomeka flashi akatazama majina.

"Hizi siyo nyimbo. Hizi ni njia tu za kwenda kwenye nyimbo. Nyimbo zenyewe zilikuwa ndani ya diski."

"Lakini niliijaribu. Iliimba."

"Iliimba kwa sababu diski ilikuwa bado haijafutwa." Safari hii hakunitania. Alihangaika nayo siku mbili kuzitafuta, hakupata hata kipande.

Siku hizo mbili baba aliketi kila asubuhi mbele ya meza tupu. Nilimwambia mashine iko kwa fundi. Akasema "ee".

Niliporudi nayo, mama alikuwa jikoni anachambua mchele.

"Mayu, nyimbo zimepotea," nikamwambia.

"Zimepotea, au umezipoteza?"

"Nimezipoteza."

Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Basi kamwambie mwenyewe. Mimi simo."

Baba alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake. Nikawasha kompyuta, ikafunguka mara moja, naye akanigeukia akashangaa. Akanipiga begani kwa mkono wake mzima. Alikuwa ananipongeza. Nikasema kwa haraka, nikitazama ukuta: nimefuta nyimbo, hazipo tena, ni kosa langu.

Baba alinyoosha kidole kwenye flashi niliyoishika. Nikaichomeka, majina yakajipanga. Baba anajua kusoma. Akashika kipanya kwa mkono wa kushoto, akabofya la kwanza. Likaja lile dirisha dogo la kukataa. Akalifunga. Akabofya la pili. Mkono ule haukuzoea. Mara nyingine alikosa, akarudia. Mama alikuja akasimama mlangoni na ungo wake. Baba alienda jina kwa jina, akilisoma kwanza kwa midomo, akilibofya, akisubiri, akilifunga, mpaka la kumi na tisa.

Kisha akaweka kipanya chini na kubaki ameketi, macho wazi.