Jaji Aliyekula Jikoni Kwetu

Juzi nimeiona picha yake gazetini, ndugu yangu, mpaka chai ikanipoea mkononi. Jaji amestaafu. Wameandika maisha yake yote: mtoto wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, akaletwa Birmingham akiwa msichana, akawa mwendesha mashtaka, kisha jaji. Wamemsifu hadi basi. Jiko letu la mtaa wa Small Heath hawakulitaja. Haya, acha nilitaje mimi.

Tulikuwa wakimbizi kutoka Kongo ya mashariki: mama, kaka yangu na mimi. Miaka ile ya elfu mbili na kitu Mama alikuwa hajui hata kuomba tiketi ya basi kwa Kiingereza. Siku moja alikuwa uani ananigombeza, jirani, huyo huyo wa gazetini, akachungulia juu ya ukuta akasema kwa Kiswahili, "Mama, huyo mtoto amekosa nini tena?" Mama alipiga ukelele wa furaha, akamvuta ndani hata jina hajamuuliza.

Tangu hapo kila Jumamosi alikuwa kwetu. Hakuwa anakula nyama wala samaki, kwa hiyo Mama alimpikia sombe yake kando, bila ndagala, yaani dagaa. Majani ya muhogo ya hiyo sombe tuliyanunua Coventry Road yakiwa yameganda kama tofali, na yakishachemka na mawese madirisha yote yalitoka jasho. Yeye alileta chapati na achari ya embe, kali ya kukutoa machozi. Mama akisema "bugali", jirani alimtania, "Sema ugali, dada, wacha kuniharibia chakula." Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Akishashiba, alifungua mahakama. Nani amekula mandazi ya wageni? Yeye alishtaki, kaka alishtakiwa, mimi shahidi nilisimama juu ya stuli. "Shahidi, tazama mbele. Sema ulichoona, si ulichosikia." Kaka alishindwa kila wiki, maana mandazi kweli alikula yeye. Nilimpenda yule jirani, sikufichi. Nilitaka nikikua niwe yeye.

Alipopewa ujaji, Mama alipiga vigelegele barabarani, majirani wakafungua madirisha. Tulijiona kama cheo ni chetu sote.

Mwaka uliofuata likaibwa gari mtaani. Polisi wakakamata vijana, mmoja akamtaja kaka. Uongo mtupu! Jioni ile kaka alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, na mwalimu wa kwaya alikuwa naye muda wote. Wakili tuliyepewa na serikali aliandika barua mara tatu: njooni ofisini, nileteeni mashahidi. Mimi ndiye niliyezisoma, maana barua zote za nyumba ile nilizisoma mimi. Mama akaziweka juu ya friji. "Ya nini kusumbua watu?" alisema. "Dada ni juge." Jaji, alimaanisha.

Jumamosi ile Mama alimpakulia jirani, akamsimamisha kaka mbele yake. "Mutoto wako ni huyu, dada. Tunakuachia wewe. Kwa wakili hatuendi."

Jirani aliweka kijiko chini. "Hiyo maneno usiniambie. Hata kidogo." Akachukua koti lake akatoka, sahani imejaa. Wiki iliyofuata hakuja, wala iliyofuata.

Unadhani Mama alishtuka? Thubutu! Alifurahi. "Ana akili, yule! Kwetu mukubwa akitaka kukusaidia, kwanza anajifanya hakujui." Kila alipomwona jirani akipita upande wa pili wa barabara, macho mbele, Mama alinikonyeza. Kumbe tulikuwa tunamsindikiza kaka gerezani huku tunacheka.

Siku ya kesi Mama alivaa kitenge kipya. Akaingia jaji mwingine kabisa, mzee ambaye hatujawahi kumwona. Mama akaninong'oneza, "Dada yuko wapi?" Wakili aliomba muda atafute mwalimu wa kwaya, akanyimwa. Kaka alipewa mwaka mmoja na nusu. Alipokuwa anashushwa ngazi alitugeukia, bado anatafuta kwa macho yule anti wa Jumamosi.

Leo mimi ni mtu mzima, najua. Sheria ilimkataza kusikiliza kesi ya watu anaowajua, na ilimkataza kuizungumza nasi. Sawa. Lakini nikuulize wewe, ni sheria gani iliyomkataza kusema, "Nendeni kwa wakili wenu"? Alisikia kwa masikio yake kwamba hatuendi. Alijua tunamngoja yeye. Akatuacha tungoje, ili jina lake lisichafuke. Alitusaliti, na neno lingine sina.

Alikuja siku kaka alipotoka. Kaka aliposikia sauti yake alipanda juu, akajifungia chumbani. Mama akasimama mlangoni. "Dada," jirani akasema, "pole. Ningeweza kuwaambia mwende kwa wakili."

Mama hakuwa akiongea Kiingereza nyumbani, hata na mtu wa posta alinituma mimi. Siku ile alikitafuta mwenyewe, neno kwa neno.

"Thank you for coming, Madam."

"Dada, ni mimi."

"Yes, Madam," Mama akasema, akafunga mlango.