Kamati ya Shangazi

Mlezi wa wanafunzi chuoni kwetu, ambaye sote tunamwita Shangazi, akifoka utadhani nyumba inaungua. "We mtoto, mbona umekonda hivyo? Unataka nionekane mlezi gani?"

Maisha yalipokuwa magumu, wanafunzi walianza kushinda kwa maji ya bomba. Chuo hakikuwa na fungu la kuwalisha, lakini kikao chochote hupelekewa chai, mkate na mayai bila maswali. Basi Shangazi akaunda kamati. Ikakutana kila mchana, mlango umefungwa, na sisi wa ofisi ya jirani tukawa tunasikia vijiko tu, hoja hatuzisikii.

Siku moja mkuu wa chuo akaingia ghafla kuipongeza kamati yenye bidii kuliko zote. Akakuta chumba kimejaa wanafunzi, mashavu yametuna.

Shangazi hakupepesa hata jicho. "Wajumbe, kuna hoja?"

Msichana mmoja akameza kwanza. "Mayai hayatoshi."

Mkuu akawatazama mmoja mmoja. Kisha akavuta kiti, mkono ukaenda kwenye yai la mwisho. Shangazi akaupiga kofi.

"Taratibu, Mkuu. Hoja haijapita."