Fundi Bati na Boksi la Gia

Marehemu mume wangu alikuwa fundi bati, na ndoo alizotengeneza hazikuvuja. Hilo nampa. Kwingine kote alikuwa bure kabisa.

Alikuwa na gari, nalo alilitoa kwa mzungu mmoja wa shamba la kahawa, ambaye aliagiza gari la mashindano kutoka Uingereza likiwa vipande ndani ya makasha, ili aliunge mwenyewe. Akashindwa, akafungasha, akarudi kwao. Mume wangu alikuwa amemwezekea mabanda, basi makasha yale ndiyo yakawa ujira wake, akayaleta kwetu mjini, mtaa wa Pasua, huku anaimba. Miezi yote ya mwanzo ya ndoa yangu nililala peke yangu, bwana yuko uani na spana.

Hatimaye likasimama: jekundu, viti viwili, halina paa, limeinama chini kama kobe. Giaboksi yake haikuwa mbele kama ya magari ya watu. Ilikuwa nyuma pamoja na difu inayozungusha magurudumu, vyote ndani ya boksi moja la chuma, na boksi hilo lilivuja tangu siku ya kwanza. Likienda hapo mtaa wa Shirimatunda na kurudi tu, linapata moto hata huwezi kuligusa. Yeye dawa yake ilikuwa moja: kuongeza mafuta.

Ningemwachia upuuzi wake, lakini baba yangu alikuwa ametuita. Baba alikuwa mzee wa kanisa kule Machame. Nilipoolewa na Mwislamu wa mjini alisema nisikanyage kihamba chake, shamba la ukoo, na tangu hapo hakunisemesha. Mama alimbembeleza mpaka akachoka, ndipo mzee akakubali: twende Jumapili baada ya ibada, atuone mara moja, halafu ataamua kama bado nina kwetu. Nilikosa usingizi kwa hofu. Nikamsihi bwana tupande lori.

"Lori?" akafoka. "Niingie kwa mkwe kama gunia la mahindi?"

Singasinga mmoja mwenye karakana mjini alimpa shauri zuri: osha boksi, likaushe, lipake unga, endesha kidogo, kisha tazama panapoanza kulowa. Unga aliochukua ulikuwa wa kwangu, wa ngano, niliouweka wa maandazi. Akarudi mbio, anapiga kelele.

"Nimemkamata mwizi!"

Juu ya boksi palikuwa na kibomba kifupi cha shaba chenye kifuniko kilicholegea, na unga wa pale ulikuwa umelowa. Nikamuuliza, "Kwani waliotengeneza walisahau kuziba?"

"Wazungu nao hukosea, bibie."

Akawasha mkaa, akakipiga lehemu kibomba kile mpaka kikang'aa. Fundi bati akiona tundu ataliacha? Kurudi kwa Singasinga akaulize, hata! Kumbe ile ndiyo ilikuwa pua ya boksi. Mafuta yakichemka, hewa ya ndani hutanuka, na pale ndipo inapopumulia. Palilowa kwa sababu bwana mkubwa alijaza mafuta kupita kiasi, gia zikayapiga hadi yakatoa povu, na joto likazidi. Ukiziba pua, hewa itajitafutia njia kwenye mipira ya ekseli inayozuia mafuta yasitoke. Haya tuliyajua baadaye, tukiwa tumeshachekwa.

Jumapili tukaondoka. Tulifika soko la Kwa Sadala tukiwa tumegubikwa na harufu ya kuungua, mafuta yanachuruzika ndani ya magurudumu ya nyuma. Akaongeza mengine. Tukaanza kupanda kwenda Machame, gari likaguna, moshi ukatufuata. Akasimama bila kuzima.

"Shuka."

"Nishukie wapi?"

"Hapa hapa. Uzito ndio unaolichemsha. Mimi natangulia, wewe njoo polepole, tutakutana kwa mzee."

Nilidhani ananitania. Nikashuka, naye akanikabidhi na kapu lenye sukari, majani ya chai na blanketi la baba, maana kapu nalo lina uzito. Akaenda zake.

Nikajitwika, nikapanda mlima na viatu vyangu vya sikukuu. Watu walikuwa wanatoka kanisani. Wanawake niliopata nao kipaimara walinitazama: si ndiye yule aliyekimbilia mjini? Mbona amerudi kwa miguu? Wee! Nilimchukia mwanamume yule! Nikalia, maana nilijua baba akiona kichekesho kile uani kwake, mimi basi tena.

Mama alinisimulia baadaye jinsi bwana alivyoingia. Mipira ile ya ekseli ilipasuka langoni, mafuta yakamwagika ua mzima. Baba akatoka na koti lake la ibada.

"Shikamoo, baba."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko nyuma, baba, anakuja. Gari lilikuwa limechemka." Akavua shati, akajisukuma uvunguni.

Mimi sikuwa na habari. Nilikuwa nimefika kwenye kona ya chini ya nyumbani nilipomwona mzee wa koti jeusi anateremka na fimbo yake, peke yake. Nikasimama katikati ya njia. Nilidhani anakuja kunirudisha.

"Shikamoo, baba."

Alitazama viatu vyangu, akatazama uso wangu. Kisha akanipa fimbo niishike, akanitua kapu, akajitwika mwenyewe, mzee mzima wa kanisa, mbele ya wale wote waliokuwa wanapita.

"Marahaba," akasema. "Twende ukale, mtori unapoa."

Tulipoingia uani, miguu ya mume wangu ilikuwa imechomoza chini ya gari. Akasikia nyayo, akatoa mkono mweusi kwa mafuta, akauchezesha hewani.

"Nani hapo? Hebu nipe tambara."

Baba, kapu bado kichwani, akairuka miguu ile, akanishika mkono, tukaingia ndani.