Injini Iliyolala Sebuleni

Mimi nimekulia Malampaka, karibu na stesheni ya treni, mbali na ziwa, kwa hiyo nilipoolewa Kalemela na kukuta injini ya boti imesimama sebuleni kwangu, nilidhani ni utani. Wala. Huku ukiiacha injini ufukweni, asubuhi utakuta imeshapata mwenyewe mwingine. Kila jioni mume wangu na mwenzake wanaifungua kutoka kwenye boti, wanaipitishia mti, wanaibeba mabegani mpaka nyumbani, wanaisimamisha kwenye kibao chake pembeni ya kabati la vyombo. Mgeni akija anabanana na ukuta. Injini haisogezwi.

Mwenye injini hasa, ukiniuliza mimi, ni mama mkwe wangu. Sote tunamwita mayu, yaani mama, kwa Kisukuma. Mumewe alifia ziwani kabla mimi sijaja. Injini ilimzimikia katikati ya maji, upepo ukachafuka, boti ikapinduka. Mayu hajawahi hata kupanda boti, lakini kuna jambo moja hakuna wa kumtoa kichwani: ile injini haikutunzwa. Basi hii anaitunza yeye. Mume wangu akishaivua kifuniko cha juu ili unyevu ukauke, mayu anapiga magoti, anaiviringishia blanketi kuukuu, anaizungushia kamba ya kufungia ndama, anakaza kwa nguvu zake zote. Halafu anaiambia, "Lala salama, ng'wana wane." Mwanangu! Mimi niliyemzalia wajukuu sijawahi kuambiwa lala salama kwa sauti ile.

Kisha ikaanza taa. Injini hizi za kisasa zikiumwa zinasema zenyewe: kuna kitaa cha njano kinakonyeza, unahesabu kinavyokonyeza, unapata namba, na namba inakuambia pa kuangalia. Yetu ilikuwa inataja sensa ya joto, kile kidude kinachopima kama injini imechemka. Injini haikuwa imechemka hata kidogo. Lakini ikishaamini hivyo inajipunguza nguvu yenyewe, na mume wangu, mwenye abiria na magunia ya dagaa, anabaki anajikokota katikati ya mawimbi kama ng'ombe aliyevunjika mguu.

Fundi wa Lamadi akaja, akabadilisha sensa. Tukapumua. Baada ya siku chache taa ikarudi, namba ile ile. Akarudi, akasafisha njia za maji, akatoa magugu, akabadilisha feni ya kuvuta maji. Ikatulia, halafu ikarudi. Akaleta sensa nyingine tena. Ikarudi! Mimi nikaanza kelele. Nilimwambia mume wangu auze hilo dude akalime pamba kama wenzake, nikamwambia sikuja Kalemela kuvaa nguo nyeusi. Yeye ananitazama tu na macho yake yale ya upole yanayoniudhi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Kila upepo ukivuma mchana, nilikuwa namwangalia mayu na kujiona mimi mwenyewe baada ya miaka.

Mume wangu ndiye aliyegundua. Kuna safari analala ng'ambo, na huko injini inabaki kwenye boti, yeye kando yake. Akasema, "Hivi umeona? Nikilala ng'ambo, taa haiwaki. Nikilala hapa siku mbili tatu, inawaka."

"Kumbe injini yako inaichukia nyumba yangu," nikamjibu.

Lakini fundi alipoambiwa hakucheka. Akasema anataka kuiona inavyolala. Akaja jioni, nikamwekea chai, akakaa. Mume wangu akavua kifuniko. Mayu akaja na blanketi lake, akapiga magoti, akazungusha kamba, akavuta. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona kwa macho yangu: kamba ilipita juu ya waya mdogo wa ile sensa, na mayu alipokaza, plagi ya waya ikasogea nje kidogo. Kidogo tu, kama jino la mtoto linalotikisika. Kibanio cha kuizuia kilikuwa kimeshalika. Kumbe kila fundi alipokuja alikuwa anaisukuma plagi ndani akishughulika pale, na kila jioni mayu anaivuta nje bila kujua.

Fundi naye aliona. Akafungua mdomo. Mume wangu akakohoa, kikohozi cha uongo kabisa, akasema, "Asante mayu, hapo imetosha."

Tulipotoka uani nikamshukia. "Unanyamaza nini? Anakuua huyu! Mwambie!"

"Nimwambie nini?"

"Kwamba kamba yake ndiyo inayowasha taa. Aifunge kwa chini, basi."

"Hataifunga tena," akasema. "Ukimwambia, hatasikia habari ya kamba. Atasikia kwamba alitaka kuniua kwa mikono yake, kama ziwa lilivyomuua baba. Mayu hatainuka tena kitandani. Mimi namjua."

Nilitaka kubishana. Mimi kubishana ndiyo chakula changu. Fundi akaniwahi, akasema, "Shemeji, waya unaweza kuhama. Mama yeye hahamishiki."

Kesho yake aliweka kibanio kipya, akaupitisha waya kwa ndani, na juu yake akafunga kipande cha bomba gumu la plastiki. Akasema sasa hata akifungiwa fahali hapo, plagi haitoki. Akachukua kuku mmoja na asante zetu, akaondoka. Mayu akaendelea na kamba yake kila jioni, na taa haikuwaka tena.

Zilipita wiki kadhaa. Siku moja tulikuwa uani tunapepeta mchele, mume wangu yuko majini, na upepo umeanza kuinua vumbi. Mayu akaniuliza, "Hivi yule fundi alikuta nini?"

Jamani. Maneno yote yalikuwa yamejaa mdomoni, tayari kabisa. Nikaiangalia ile mikono yake kwenye ungo.

"Waya, mayu. Ulikuwa umelegea."

"Nani aliulegeza?"

"Ziwa," nikasema. "Mawimbi yanatikisa mno."

Akaacha kupepeta. Akageukia upande wa maji.

"Lilimtaka na huyu," akasema.

"Ndiyo, mayu."

"Safari hii tukalikatalia."

"Wewe ndiye uliyelikatalia," nikamwambia, na hapo nikashindwa, nikaanza kulia mbele yake kama mtoto. Mayu akadhani pumba zimeniingia machoni. Akaweka ungo chini, akanishika kidevu, akanipuliza jicho moja, halafu la pili, taratibu, akiniambia, "Tulia, ng'wana wane. Tulia, zitatoka."